AA, simu, dini au rihabu: kundi lipi la kuacha pombe litakufaa Mombasa?

Wanaotafuta kundi la kuacha pombe hapa Mombasa huuliza kwanza lipi linafanya kazi kuliko mengine. Jibu lipo na tutalifikia, ila kuna swali linalotangulia. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni, mshahara umeshaingia na magari yamesimama Makupa, ni kundi gani utalifikia kabla hujafika kwa mama pima? Na ukishafika, utaweza kusema neno la kweli mbele ya waliomo? Kundi lenye sifa zote lililoko Nyali halimfai mtu wa Likoni anayetoka kazini saa kumi na moja na nusu. Na lililo nyuma ya nyumba yako halikufai ikiwa anayepanga viti ni shemeji ya bosi wako.

Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na nadharia. Unaanza na mambo yanayomfanya mtu arudi mara ya pili au asirudi.

Mikono ikitetemeka, hospitali kwanza

Makundi yote tunayoyalinganisha ni ya kuzungumza. Hakuna hata moja linalotibu arosto ya pombe, yaani maumivu ya mwili unapokatiwa kinywaji. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe cha chai mpaka atoe loki kwa kinywaji cha kwanza, asiache ghafla akiwa nyumbani peke yake akisubiri mkutano wa Jumanne. Saa 6 hadi 24 baada ya tone la mwisho huanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, na moyo kwenda mbio. Degedege huweza kumpata ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huona wadudu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo, na hali hiyo huua.

Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara, ina sehemu ya dharura. Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili. Ukifika, sema kiasi bila haya: mizinga mingapi, ya ukubwa gani, au lita ngapi za mnazi, na ya mwisho ilikuwa saa ngapi. "Nakunywa kidogo tu" ndiyo kauli inayomrudisha mtu nyumbani na dawa ya tumbo. Anayekusindikiza ahakikishe mhudumu anajua wewe ni mnywaji, ili vitamini B1 itolewe kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Kama hujui pa kuanzia, piga 1192, nambari isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya taifa inayopambana na ulevi na dawa za kulevya. Eleza ulipo na unachokunywa, kisha uliza vituo vyenye kibali vilivyo karibu nawe.

Ukiwa hunywi kila siku, au umeshavuka siku hizo, endelea.

Wanaokutana ni akina nani

AA, yaani Alcoholics Anonymous, ndiyo kongwe. Ilianza 1935 mjini Akron, Marekani, na Hatua zake Kumi na Mbili, mpango wa kuacha pombe ambao mwanachama huufuata moja baada ya nyingine, zikachapishwa 1939. Sharti la kuingia ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna fomu wala kadi, na hakuna mtaalamu anayelipwa. Anayeongoza leo ni mnywaji kama wewe aliyetangulia, na wiki ijayo ataongoza mwingine. Siri ya mtungi aijuaye kata, na AA imejengwa juu ya hilo.

NA, Narcotics Anonymous, ilizaliwa kutokana na AA mwaka 1953 na inafuata hatua zilezile. Tofauti yake ina uzito hapa Pwani: kwake pombe, bangi na unga vyote ni uraibu mmoja. Kwenye AA utaombwa uzungumzie pombe. Aliyekuwa akishushia unga kwa mnazi atalazimika kuficha nusu ya habari yake, na nusu hiyo ndiyo itakayomrudisha maskani. Huyo aende NA. Anayetumia methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa unga hospitalini, apige simu kabla ya kwenda, maana kila kundi la NA lina taratibu zake: kuna yanayokukaribisha usikilize lakini usizungumze.

SMART Recovery ilianzishwa Marekani mwaka 1994 kwa wasiotaka njia ya hatua. Haimtaji Mungu wala haimwiti mtu mlevi. Inatumia mazoezi ya saikolojia katika mambo manne: kulinda ari ya kuacha, kuihimili hamu, kudhibiti mawazo na hisia, na kupanga maisha yenye uwiano. Kwa mtu wa Mombasa mlango wake ni mtandao.

Halafu kuna makundi ya dini. Makanisa mengi duniani yamefuata mfano wa Celebrate Recovery, ulioanza California mwaka 1991 kwa kuoanisha hatua kumi na mbili na Biblia. Waislamu nao walizitungia hatua hizo maneno yao kupitia Millati Islami, iliyoanza Baltimore mwaka 1989. Hapa kwetu, taasisi za Kiislamu kama MEWA zina uzoefu wa miaka mingi wa kuhudumia waraibu.

Mwisho ni kundi la baada ya rihabu, yaani kituo cha kulaza na kutibu waraibu, linaloendeshwa na kituo chenyewe, kama kile cha Miritini au vya watu binafsi, mshauri nasaha akiwa amekaa nanyi.

Siri: hapa ndipo wengi hukwama

Mombasa ukubwa wake ni wa ramani tu. Ukisema unakaa Mji wa Kale, swali la pili ni "mtoto wa nani?" Jina moja bila la baba, kama ilivyo desturi ya AA na NA, linaweza lisikufiche.

Jambo la kuuliza mapema ni kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi huruhusu yeyote: mke, mwanafunzi wa ushauri nasaha, mchungaji aliyekuja kutazama. Wa ndani ni wa wenye shida ya pombe pekee, na atakayekuona humo naye umemwona. Watu wenye kazi za macho ya umma, kama walimu, maimamu, polisi na wauguzi, waanze na wa ndani hata kama uko mbali zaidi. Na kuvuka daraja au feri kwenda kundi la upande wa pili wa mji ni desturi nzuri tu. Wa Mtwapa wakaja kisiwani, wa kisiwani wakaenda Bamburi, kila mmoja akapata nafasi ya kupumua.

Kundi la dini lina siri dhaifu kuliko yote, na tunasema hivyo bila kulidharau. Aliyekusikia Alhamisi atakaa nyuma yako Jumapili. Kuna pia mazoea ya kumwombea mtu kwa jina mbele ya waumini, kwa nia njema kabisa, na mtaa mzima ukajua. Muulize kiongozi waziwazi: "Ninayoyasema hapa, mzee, yanaishia hapa? Hata kwenye maombi?" Akisitasita, umeshajibiwa.

Rihabu ina siri ya kitaalamu, lakini ina faili. Jina lako kamili limeandikwa, na mara nyingi nambari ya aliyekulipia pia.

Ila kinachovujisha kuliko midomo ni WhatsApp. Makundi mengi ya hapa hupeana taarifa za mikutano kwa kundi la WhatsApp, na ukiunganishwa tu, wote wanaona nambari yako, na pengine ile picha yako ya harusi. Kabla hujakubali, ingia kwenye mipangilio ya faragha, uweke picha na hali zionwe na watu ulionao kwenye simu pekee. Badili jina libaki moja. Zima onyesho la ujumbe kwenye kioo kilichofungwa, kwa sababu "Leo nimefika siku 30 bila pombe" ikimulika mezani ofisini haihitaji maelezo. Mwenye laini ya pili anaweza kuifungulia WhatsApp Business kwenye simu ileile na kuitumia kwa mambo haya tu.

Mkutano wa mtandaoni wa nchi nyingine unashinda kwa siri: hakuna anayekujua, na kamera unaweza kuizima. Tatizo la siri huhamia nyumbani. Katika chumba kimoja cha Kisauni chenye watu watano, kuzungumza na simu kuhusu pombe ni kama kutangaza. Wengine huenda ufukweni na spika za masikioni, wengine hukaa ndani ya gari la rafiki. Hufaa, mradi betri ichajiwe mapema.

Saa na njia

Mikutano ya ana kwa ana kwa kawaida huchukua muda wa saa moja hadi moja na nusu, na huanza kwa wakati. Si harusi. Ukichelewa dakika ishirini umekosa usomaji wa mwanzo na unaingia watu wote wakikutazama, jambo ambalo mgeni huliogopa kuliko lolote.

Hesabu njia kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mtu wa Likoni mwenye mkutano wa saa kumi na mbili mjini hesabu yake ni hii: afike saa kumi na mbili kasorobo, kutoka feri mpaka ukumbini kwa tuktuk au matatu, dakika 20, feri yenyewe na kusubiri kwake, tenga dakika 45 jioni, ingawa kuvuka si mbali na waenda kwa miguu hawalipi. Maana yake awe Likoni saa kumi na moja kasoro dakika ishirini. Kama kazi inamtoa saa kumi na moja, mkutano huo si wake, hata uwe mzuri vipi. Atafute wa Jumamosi asubuhi.

Wanaotoka kisiwani kwenda Nyali na Bamburi wana shida ya kurudi: mkutano ukiisha saa moja na nusu usiku, kituo cha matatu kiko wapi, na kuna baa ngapi katikati? Tembea njia hiyo mchana mara moja. Kama kutoka lango la ukumbi hadi stejini lazima upite mahali unapojulikana kwa kinywaji chako, panda boda kutoka getini. Nauli hiyo ihesabu kama dawa.

Kwa Mwislamu kuna jambo jingine. Maghribi Mombasa huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo mkutano wa saa kumi na mbili unagongana na sala kila siku, na Ramadhani unagongana na futari. Uliza kama kuna mkutano wa mchana au wa wikendi, au panga ya mtandaoni baada ya Isha.

Mtandaoni ndiko kwenye mikutano mingi, usiku na mchana, na ndiko watu hukosea saa. Ratiba huandikwa kwa saa za kwao. Mkutano wa saa moja jioni New York ni saa nane usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa tisa usiku wakati wa baridi. Saa moja jioni London ni saa tatu usiku hapa kiangazi, saa nne baridi. Waingereza hubadili saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, na wiki hizo ndipo Mkenya hufungua kiungo akakuta wameshamaliza au bado hawajaanza. Afrika Kusini hawabadili: saa moja yao jioni ni saa mbili usiku yetu, daima. India nao hawabadili, na saa mbili na nusu usiku kwao ni saa kumi na mbili jioni hapa. Kwa hiyo, kama Kiingereza kinapanda, mikutano ya Afrika Kusini na India ndiyo inayokaa vizuri na ratiba ya Mombasa.

Bando: saa moja ya Zoom yenye picha hula megabaiti mamia, na huweza kupita gigabaiti. Kuzima kamera yako pekee hakutoshi, maana picha za wengine bado zinaingia. Zuia pia video zinazoingia, ubaki na sauti tu, na matumizi yatashuka sana.

Wafanyakazi wa zamu, wa bandarini na wa mahoteli, wasijifunge kwa kundi moja. Desemba na Agosti hoteli zikijaa, ratiba ya zamu hubadilika bila taarifa, na asiye na mkutano wa akiba kwenye simu hupotea wiki tatu.

Ukisema, nani anakujibu?

Hii ndiyo tofauti inayowashangaza watu wa Pwani kuliko zote. Tumelelewa barazani. Mtu akisema lake, mwenzake anadaka, wa tatu anakosoa, wa nne anatia mzaha. AA na NA haviko hivyo. Unasema dakika tatu hadi tano, wanasema "asante", anafuata mwingine. Hakuna anayekujibu, hakuna anayekushauri, hakuna anayekuambia ulikosea. Mgeni hudhani amepuuzwa. Hajapuuzwa, kanuni hiyo ipo ili mtu aweze kumaliza sentensi yake bila kuhukumiwa. Majibu huja baadaye, mkutano ukishafungwa, watu wakikunja viti. Anayekimbia mara tu baada ya dua ya mwisho hukosa nusu ya faida.

SMART ni kinyume. Mwelekezi aliyefunzwa anauliza, wenzako wanauliza, na mnaandika. Zoezi mojawapo ni karatasi yenye sehemu nne: faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kuacha, hasara za kuacha. Anayependa kujadiliana, au anayechoka na simulizi za watu, atastarehe huko. Kasoro yake ni kwamba mkutano ukiisha kiungo kimefungwa, na hakuna wa kumpigia saa nne usiku.

AA ina sponsa kwa hilo, mwanachama aliyekutangulia anayekushika mkono. Tafuta wa jinsia yako, aliyemaliza walau mwaka bila tone, mwenye sponsa wake, na anayepokea simu. Hilo la mwisho lipime kwa kumpigia mara tatu kwa saa tofauti kabla hujamwomba. Asiwe mtu wa kukukopesha wala wa kukopa kwako. Kundi si chama. Dada anayeingia mara ya kwanza na kuona kaka fulani mkongwe anajitolea sana kumrudisha nyumbani, ashukuru apande matatu. Kuwanyemelea wageni ni maradhi ya makundi haya kila mahali, na kundi zuri hulikemea.

Kwenye rihabu mshauri anajibu na anafuatilia. Ukikosa wiki mbili, anaweza kukupigia. Kwa aliyetoka ndani karibuni, miezi mitatu ya mwanzo, ufuatiliaji huo una faida ambayo AA haikupi.

Lugha: ukikuta usomaji ni wa Kiingereza, bado unaweza kuchangia kwa Kiswahili, na mara nyingi ndipo wengine nao hufunguka. Usijitese kutafuta neno la "hangova" la kistaarabu.

Mungu, kwa maneno ya nani

Hatua za AA zinamtaja Mungu "kama tulivyomwelewa". Kuna dua ya kuomba utulivu, na makundi mengine hufunga kwa sala ya Kikristo. Mwislamu anaweza kunyamaza wakati huo, hakuna atakayemwuliza. Kinachowapa wengi uzito zaidi ni ukumbi: mikutano mingi duniani hufanyika kwenye majengo ya makanisa kwa kuwa vyumba vyake hukodishwa kwa bei nafuu, na kuonekana unaingia humo kunahitaji maelezo nyumbani. Kama hilo linakufunga, anzia mtandaoni au kwenye kituo cha Kiislamu, usiache kabisa.

Aibu ya mnywaji Mwislamu ni mara mbili, kwa sababu kinywaji chenyewe ni haramu hata kabla hakijawa shida. Imamu mwenye busara husaidia sana. Asiye na uzoefu wa uraibu huishia kwenye toba na nasaha, na toba ya kweli haizuii degedege siku ya pili. Vivyo hivyo kwa mchungaji anayesema ukiombewa huhitaji tena dawa. Kundi lolote, hata AA, likikuambia utupe dawa ulizoandikiwa, ondoka. Msimamo wa AA yenyewe ni kwamba mwanachama asijifanye daktari wa mwenzake.

Pesa na karatasi

AA na NA hakuna ada. Kikapu hupita, tia hamsini, tia mia, au kipitishe. Anayekutaka utume pesa za "usajili wa AA" kwa M-Pesa si AA. Mikutano ya SMART mtandaoni huingia bila malipo. Makundi ya dini kwa kawaida ni bure, sadaka ni yako. Rihabu za watu binafsi hutofautiana sana: uliza kama kundi la baadaye limo ndani ya malipo ya awali, na kwa miezi mingapi.

Mwajiri akitaka barua kwamba unahudhuria, hapo rihabu inazishinda zote. AA haiweki orodha ya waliohudhuria, na barua rasmi hutaipata, ingawa baadhi ya makundi hukubali kukutilia saini kikaratasi chako. Lifikirie hili kabla ofisi haijakupa siku za mwisho.

Ukiteleza

AA utaanza kuhesabu siku upya, mbele ya watu. Wengine hilo huwajenga, wengine huwafukuza. SMART haiweki uzito kwenye hesabu. Wanauliza nini kilitokea saa moja kabla. Kanisani hutegemea kiongozi. Rihabu inaweza kukurudisha ndani, kwa gharama. Ukifika AA umekunywa, kwa kawaida utaachwa ukae ilimradi unyamaze. Nenda hivyohivyo.

Ushahidi unasemaje

Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Programu zilizopangwa vizuri za kumwingiza mtu AA zililinganishwa na tiba nyingine, ikiwemo ile ya kubadili fikra na tabia. Waliokaa mwaka bila pombe kabisa walikuwa takriban 42 kwa 100 upande wa AA na 35 kwa 100 upande wa pili. Tofauti ipo, lakini si ya mbingu na ardhi, na hata upande ulioshinda zaidi ya nusu hawakufika mwaka. Waliopimwa walisukumwa na wataalamu waende na waendelee kwenda, hawakuachiwa kikaratasi chenye anwani.

Siku ya kwanza

Orodha za mtandaoni huchakaa. Programu ya simu ya AA iitwayo Meeting Guide na tovuti ya NA hukusaidia kupata jina la kundi, lakini ukumbi wa kuazima huchukuliwa na kamati ya harusi au mazoezi ya kwaya, hasa Desemba, na geti unalikuta limefungwa. Piga simu siku ileile, kabla ya saa nne asubuhi. Maneno yatosha haya: "Habari za asubuhi. Naulizia mkutano wa leo jioni, bado upo? Ni wa wazi au wa ndani? Lango ni lipi?" Huna haja ya kujieleza zaidi. Nambari isipopokelewa mara mbili, piga 1192 au uulize kwenye kituo cha rihabu kilicho karibu. Washauri wao mara nyingi ndio wanaojua kundi gani bado linakutana.

Getini usitaje AA. "Shikamoo mzee, nimekuja mkutano wa saa kumi na mbili," inatosha, na askari amezoea. Fika robo saa mapema. Viti vya karibu na mlango huisha kwanza, na si kwa sababu ya joto. Ukiulizwa kama kuna mgeni, taja jina moja, sema unapenda kusikiliza leo. Beba nambari mbili za simu ukitoka. Kundi moja usilihukumu kwa siku moja: nenda mara tatu, kisha jaribu jingine mara tatu.

Tungepanga hivi

Kwa mtu wa kawaida aliyeko kisiwani au Nyali, mpango wetu ni AA ya ndani mara mbili kwa wiki, mmoja ukiangukia siku yake mbaya, iwe Ijumaa au Jumapili, pamoja na mkutano mmoja wa mtandaoni kama akiba. Desturi ya AA ya mikutano 90 ndani ya siku 90 hapa haiwezekani kwa miguu peke yake, kwa hiyo zilizobaki zijaze kwa simu. Aliyetoka rihabu abaki na kundi la kituo chake miezi mitatu kwanza, akianza AA mwezi wa pili ili asikatikiwe ghafla. Wa bandarini na hotelini waanze na simu, ana kwa ana ikiwa ziada ya siku za mapumziko. Mwanamke wa Mji wa Kale asiyeweza kuonekana popote aanze na mikutano ya wanawake mtandaoni, kamera ikiwa imezimwa, mpaka apate mmoja wa kumwamini.

Na mama, mke au mtoto anayeishi na mnywaji asipelekwe AA kumchunga. Wao wana mikutano yao: Al-Anon, iliyoanza 1951, na Alateen ya vijana tangu 1957, zote zikifikika mtandaoni. Huko hawafundishwi namna ya kumwaga chupa. Wanasaidiana kuishi na mtu huyo bila wao kuugua, awe ameacha au bado. Wanaweza kuanza wiki hii, hata kama mnywaji mwenyewe hataki kusikia neno mkutano.